Bamanya: maktaba iliyotunza historia ya Équateur

Bamanya ni misioni ya Kikatoliki katika mkoa wa Équateur, kilometa kama 10 kutoka mji wa Mbandaka, upande wa mto Ruki. Ilianzishwa mwaka 1895 na watawa Watrapisti kutoka Ubelgiji, na katika miaka ya 1920 ikapita mikononi mwa Wamisionari wa Moyo Mtakatifu. Wanaotafuta historia ya watu wa msitu wa ikweta wanaijua kwa sababu nyingine: hapo pana maktaba na hifadhi ya karatasi iitwayo Aequatoria, ambayo kwa zaidi ya miaka hamsini ilikusanya vitabu, barua, magazeti, mithali, vitabu vya shule na ushuhuda wa wazee kuhusu sehemu moja tu ya nchi yetu.

Kazi hiyo inashikamana na majina matatu: Gustaaf Hulstaert, Edmond Boelaert na, baada yao, Honoré Vinck. Wawili wa kwanza walitumwa Kongo kuhubiri na kusimamia shule. Maktaba ilikua kando ya kazi hiyo, usiku na siku za mapumziko, mpaka ikawa ndiyo kazi yenyewe.

Sisi wa mashariki tunaweza kuuliza: padri wawili Wabelgiji wa Équateur wanatuhusu nini? Wanatuhusu kwa sababu ya swali walilolijibu kwa mikono yao. Mambo makubwa yakipata watu, na wale walioyaona wakianza kufa, ni nani anayeandika, kwa lugha gani, na karatasi inakaa wapi?

Vijiti 110

Swali hilo lilikuwa zito sana huko Équateur. Wakati wa Dola Huru la Kongo, lile la mfalme Leopold II, vijiji vya mito Maringa, Lopori na Lulonga vililazimishwa kuleta utomvu wa mpira kutoka msituni. Aliyeshindwa kutimiza kilo alipigwa, mke wake alifungwa, au askari walitumwa kijijini kwake. Wamongo walibaki na msemo mfupi: mpira ni kifo.

Kelele ya kwanza ilitoka kwa wamisionari Waprotestanti. Sjöblom, Mbatisti kutoka Uswidi, alisema hadharani kuhusu mikono iliyokatwa tangu miaka ya 1890. Huko Baringa, kituo cha Congo Balolo Mission, Bibi Alice Harris alipiga picha mwaka 1904 ya baba aitwaye Nsala, ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Picha hiyo ilizunguka Uingereza na Marekani. Mwaka uliotangulia, Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alikuwa amepanda mto na kuandika ripoti yake.

Leopold akabanwa, akatuma tume ya uchunguzi mwaka 1904. Mbele ya tume hiyo alisimama chifu Lontulu wa Bolima. Hakuleta karatasi. Alileta vijiti 110, kila kijiti mtu mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Akavigawa mafungu manne, yaani wakubwa wa ukoo, wanaume, wanawake na watoto, kisha akavitaja kimoja kimoja kwa majina ya marehemu.

Ile ilikuwa hifadhi ya historia, tena iliyopangwa vizuri kuliko ofisi nyingi. Na ilipotelea wapi? Tume ilitoa ripoti yake mwaka 1905, lakini maneno yenyewe ya mashahidi hayakuchapwa. Yalifungiwa Brussels, na wachunguzi hawakuruhusiwa kuyasoma mpaka miaka ya 1980. Barua na picha za wamisionari nazo zilikuwa zimeandikiwa wasomaji wa mbali, kwa lugha zao. Kwa hiyo mtoto wa Kimongo aliyekaa darasani Coquilhatville (ndiyo Mbandaka ya leo) katika miaka ya 1930 alisoma kwamba Leopold alikuwa mfadhili wa Kongo. Babu yake nyumbani alijua mengine, ila babu hakuandika kitabu.

Padri Hulstaert

Gustaaf Hulstaert alizaliwa Melsele, Ubelgiji, mwaka 1900. Alifika Kongo mwaka 1925 na kufa huko mwaka 1990, maana yake alikaa miaka 65 katika sehemu moja. Kwa miaka mingi alikuwa mkaguzi wa shule za misioni, na kazi hiyo ilimpitisha vijiji vingi. Alisikiliza. Aliandika kila neno la Lomongo alilolisikia, kila mithali, kila jina la mti na la mdudu. Alikusanya hata vipepeo.

Matunda yake ni mengi kuliko tunavyoweza kutaja hapa. Kitabu chake juu ya ndoa ya Wankundo kilitoka mwaka 1938. Kamusi ya Lomongo na Kifaransa, juzuu mbili nene, ilitoka 1957. Mithali za Kimongo zikafuata 1958, na sarufi ya juzuu tatu kati ya 1961 na 1966. Waprotestanti walikuwa wamemtangulia katika njia hiyo: Bwana na Bibi Ruskin wa Congo Balolo Mission walitoa kamusi yao ya Lomongo mwaka 1928, na Biblia nzima katika lugha hiyo ikatoka 1930. Haki inadai tuseme hivyo. Lakini Ruskin alitafuta lugha ya kutafsiri Maandiko, na Hulstaert alitaka pia kila kitu ambacho lugha hiyo inakibeba.

Mwaka 1937 yeye na Boelaert walianzisha gazeti la elimu, wakaliita Aequatoria. Lilichapwa huko huko Équateur, si Ulaya, likaendelea mpaka 1962. Ndani yake mlikuwa na makala juu ya lugha, desturi, mashamba, ndoa, uongozi wa vijiji na historia. Kwa njia ya gazeti maktaba ilikua, maana watu wa mbali waliandika barua, wakatuma vitabu, wakabishana. Mmoja wao alikuwa Placide Tempels wa Katanga, mwandishi wa kile kitabu mashuhuri juu ya falsafa ya Wabantu. Boelaert alikichambua katika Aequatoria mwaka 1946. Barua za Tempels na Hulstaert za miaka 1944 mpaka 1948 zilichapwa Kinshasa mwaka 1985, na anayezisoma anaona jinsi wazo linavyozaliwa, linavyopingwa na linavyosahihishwa kabla halijawa kitabu.

Pamoja na gazeti hilo la wataalamu kulikuwa na magazeti ya wananchi: Le Coq Chante kuanzia 1936 mpaka 1948, na baadaye Lokole Lokiso, kuanzia 1955 mpaka 1962. Lokole ni ile ngoma ya mti ya kupeleka habari, na jina lote lina maana ya ngoma yetu. Humo waliandika Wakongomani wenyewe, mmojawapo Paul Ngoi, aliyefanya kazi na Hulstaert miaka mingi. Magazeti ya namna hii ndiyo yanayopotea kwanza. Mtu husoma, hufungia chumvi au sabuni, basi imekwisha. Bamanya waliyaweka.

Boelaert na swali la ardhi

Edmond Boelaert alizaliwa 1899 na kufa 1966. Wengi wanamjua kwa sababu ya Nsong'a Lianja, ile hadithi ndefu ya shujaa wa Wankundo, aliyoichapa mwaka 1949. Mimi naona kazi yake iliyo nzito zaidi ni ile ya ardhi na ya ushuhuda.

Tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru lilitoa amri kwamba ardhi isiyokuwa na mwenyewe ni mali ya serikali. Ukisoma haraka haina ubaya. Lakini ni nani aliyeamua kwamba msitu fulani hauna mwenyewe? Mzungu aliona shamba na nyumba, akaita hapo pa mtu. Palipobaki pote, yaani mawindo, mito ya kuvulia samaki, mabonde yaliyoachwa yapumzike, makaburi ya kijiji cha zamani, akaita patupu. Kwa Wamongo hapakuwa patupu. Kila sehemu ya msitu ilikuwa na ukoo wake, na mipaka ilijulikana kwa vijito na miti. Boelaert alikusanya amri, ripoti na maneno ya wazee, akatoa mwaka 1956 kitabu juu ya Dola Huru na ardhi za wenyeji. Kilichapwa na Akademia ya kifalme huko Brussels, kikaonyesha jinsi kampuni zilivyopewa ardhi iliyokuwa na wenyewe. Msomaji wa Masisi, wa Djugu au wa Kalehe hahitaji kuelezwa kwa nini jambo hilo halijazeeka.

Shindano la 1953

Ili kujua yaliyotokea kabla ya karatasi za serikali, na chini yake, Boelaert alifanya jambo ambalo wachache walilifikiria wakati ule. Mwaka 1953 alitangaza shindano la kuandika. Watu wa Équateur waliopita shuleni waliombwa waende kwa wazee wao, waulize jinsi Wazungu wa kwanza walivyofika, kisha waandike kwa Lomongo. Katika muda wa 1953 na 1954 zilifika insha zipatazo 170.

Tufikirie hesabu ya miaka. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka 15 mwaka 1895 alikuwa na miaka 73 mwaka 1953. Wale waliobeba vikapu vya mpira walikuwa bado hai, lakini si kwa muda mrefu tena. Kama shindano lingechelewa miaka ishirini, waandishi wangepata hadithi za watoto wa mashahidi, si mashahidi wenyewe.

Insha hizo zinasimulia vita vya vijiji kabla ya Wazungu, mashua ya kwanza ya moshi, hofu na mshangao, chuma na nguo zilizotolewa, halafu askari, mpira, wanawake waliofungwa, watu waliokimbilia msituni na magonjwa yaliyofuata. Wazungu wengi hawatajwi kwa majina yao ya Ulaya. Wanatajwa kwa majina waliyopewa kijijini, na majina hayo yanasema mengi. Léon Fiévez, aliyekuwa mkubwa wa serikali wa Équateur katika miaka ya 1890, alijulikana kama Ntange, na Boelaert alikuwa tayari ameandika juu yake kwa jina hilo katika Aequatoria mwaka 1952. Anayetafuta Fiévez peke yake katika kumbukumbu za wenyeji hatampata. Lazima amtafute Ntange. Kazi kubwa ya mtunza maktaba ni hiyo: kujua kwamba mtu mmoja ana majina mawili na kuyaweka pamoja ili anayekuja nyuma asipotee.

Insha hizo zisomwe kwa akili. Ziliandikwa kwa shindano, zikapelekwa kwa padri Mbelgiji, wakati Wabelgiji bado wanatawala. Mwandishi aliweza kusifu kijiji chake kuliko jirani, au kulainisha neno juu ya misioni iliyomsomesha. Miaka sitini inachanganya matukio: askari wa kampuni na askari wa serikali wanakuwa watu wale wale, safari mbili zinakuwa moja. Lakini vijiji vilivyo mbali mbali vikisimulia mateso yale yale kwa maneno tofauti, hatuwezi kusema mtu mmoja aliyatunga. Na kuna kitu ambacho hakimo katika ripoti ya Casement wala katika picha ya Bibi Harris, yaani mambo jinsi yalivyoonekana kutoka upande wa aliyekimbia, kwa lugha aliyokimbia nayo.

Ubishi juu ya lugha

Hulstaert alikuwa pia mtu wa vita, na vita vyake vikubwa vilikuwa vya lugha. Wakati ule misioni na serikali nyingi zilitaka Lingala katika shule na makanisa ya Équateur, kwa kuwa ilikuwa inaenea haraka mtoni, kambini na mjini. Yeye alipinga kwa nguvu zake zote. Alisema mtoto afundishwe kwa lugha ya mama yake, na Lingala aliiona kama lugha ya kambi ya askari isiyo na kina.

Nusu ya ubishi huo alikuwa na haki, nusu nyingine hakuwa nayo. Mtoto kuanza kusoma kwa lugha ya nyumbani ni jambo ambalo walimu wa leo wanalikubali. Lakini Lingala ilikuwa lugha ya watu wanaoishi, wanaofanya biashara, wanaooana mjini. Haikuwa kosa la mtu. Sisi tunaotumia Kiswahili kuanzia Bunia mpaka Lubumbashi, pamoja na Kinande, Mashi au Kilega nyumbani, tunajua kwamba lugha mbili zinaweza kukaa katika mdomo mmoja bila kuuana. Tena Hulstaert alitaka kuwalinda Wamongo na mabadiliko kama mtu anavyolinda kitu ndani ya kabati. Vikundi vingi vilivyokuwa na majina na semi zao aliviweka chini ya jina moja la Mongo na Lomongo moja ya kuandikwa, na wataalamu wa baadaye wameonyesha kwamba umoja huo ulijengwa kwa sehemu na kalamu ya misioni. Historia ilienda njia yake: Mbandaka leo inasema Lingala.

Hata hivyo, kwa sababu ya ukaidi huo huo tuna mithali, kamusi na zile insha kwa Lomongo. Kama angekubali mapema kwamba lugha ya kienyeji haina kesho, asingeiandika.

Vinck na vitabu vya shule

Gazeti la Aequatoria lilisimama 1962. Mwaka 1980 lilifufuliwa kwa jina la Annales Aequatoria, na mtu aliyelibeba, pamoja na maktaba, ni padri Honoré Vinck. Yeye ndiye aliyefanya kazi ya mtunza maktaba kwa maana kamili: kupanga, kuhesabu, kuandika orodha, kutafuta toleo lililokosekana, kujibu barua za wachunguzi. Karatasi katika nchi ya joto na mvua ina maadui wanaojulikana: unyevu, mchwa, panya, na mtu anayefanya usafi bila kuuliza. Sehemu ya hifadhi ilipigwa picha ndogo ndogo kwenye mikrofishi, ili hata kama asili itaharibika, maneno yabaki. Baadaye sehemu nyingine iliwekwa katika intaneti.

Zile insha za 1953 na 1954 zilikuwa zimekaa bila kuchapwa zaidi ya miaka arobaini. Vinck pamoja na Charles Lonkama walizitoa katika Annales Aequatoria mwaka 1995 na 1996. Hulstaert alikuwa amekwisha kufa.

Jambo jingine la Vinck linastahili kujulikana zaidi katika makanisa yetu. Alikusanya na kuchunguza vitabu vya shule vya wakati wa ukoloni, vile vilivyoandikwa kwa lugha mbalimbali za Kongo na kuchapwa na misioni. Maprofesa wengi hawakuvijali. Ni vitabu vidogo vya kusoma na kuhesabu, vyenye hadithi ya mbwa, ya mtoto mtiifu, ya usafi, ya mfalme. Lakini mamilioni ya watu walijifunza humo namna ya kuwaza juu ya Mzungu, juu ya babu zao na juu yao wenyewe. Mtu akitaka kujua mababu zetu waliambiwa nini juu ya Leopold, asitafute hotuba za gavana. Atafute kitabu cha darasa la tatu. Na vitabu hivyo havipatikani kwa wingi, kwa sababu vilitumika mpaka vikachanika, kisha vikatupwa.

Katika parokia nyingi za mashariki, za Waprotestanti na za Wakatoliki, kuna sanduku la namna hiyo: daftari za ubatizo, kumbukumbu za mikutano ya wazee, nyimbo zilizopigwa kwa mashine ya kuandikia, barua za mashauri ya mashamba ya kanisa. Mengine yaliteketea katika vita vya miaka thelathini iliyopita. Mengine yako bado chini ya kitanda cha mchungaji aliyestaafu, na hakuna aliyeandika orodha.

Walioyasoma

Wachunguzi wamepita katika kazi hii kwa zamu. Daniel Vangroenweghe, Mbelgiji, alitoa kitabu chake juu ya mpira wa damu kwa Kiholanzi mwaka 1985 na kwa Kifaransa mwaka 1986, akitumia pamoja karatasi za Brussels na kumbukumbu za Wamongo, na wasomaji wengi wa Ubelgiji waliyapata mambo hayo kwa mara ya kwanza. Mwaka 2016 Nancy Rose Hunt, mwanahistoria Mmarekani, alitoa kitabu juu ya Équateur ya wakati wa ukoloni, juu ya hofu, uganga na utasa uliofuata miaka ya mpira. Aliona kwamba picha za mikono iliyokatwa zimetuzoesha kutazama tu. Akarudi kwenye insha zilizokusanywa na Boelaert ili asikie: kelele za msituni, kicheko cha askari, namna watu walivyotaniana wakiwa mafichoni.

Kicheko hicho hakuna mpiga picha aliyeweza kukishika, wala tume haikukiuliza. Kiliandikwa na mtu wa Équateur mwaka 1953 au 1954, kwa Lomongo, baada ya kukaa na mzee wa nyumbani kwao.